Bunduki Iliyozaliwa Mwaka Wangu

3 Februari

Shemeji Sindano,

Ukiona doa kwenye karatasi hii usidhani nimelia. Ni mafuta ya bunduki. Mimi silii, mimi huwaliza wenzangu kwa kicheko, na hilo unalijua tangu tulipokuwa tunagawana kaptula moja. U mzima? Dada yangu mzima? Msalimie kwa idadi ya nywele zake, kama bado zimebaki baada ya miaka yote hiyo ya kuishi na wewe.

Mimi huku nawaka. Hata bosi sasa ananiita Bingwa, na alianza mwenyewe, sikumlazimisha sana. Duka letu linatengeneza bunduki za zamani za watu wanaozikusanya. Hawawindi, hawalindi, wanazitundika tu ukutani na kuzitazama kama wake wapya. Kitu cha kwanza wanachotaka kujua ni umri. Hapo ndipo wanaponitafuta. Ng'ombe humjua kwa meno, bunduki huijua kwa loki, ile inayoizuia isifyatuke ovyo, kwa skrubu na kwa alama za mtutu. Juzi vijana wa dukani walinifunga kitambaa machoni wakasema haya, Bingwa, papasa utaje mwaka. Ya kwanza nilikosea, lakini kitambaa chenyewe kilikuwa kinanuka. Ya pili na ya tatu nilizitaja mpaka wakaninunulia soda.

Ninazozipenda ni zile za marisawa zinazojijaza zenyewe. Ukifyatua, mtutu mzima unarudi nyuma, unatema ganda, unameza risasi nyingine, unarudi mahali pake kabla hujasema lo. Zina nundu nyuma kama fahali. Kama ile ya Baba. Shemeji, hakuna mtu katika duka hili asiyeijua bunduki ya Baba, kwa jinsi nilivyowasimulia. Mfagiaji anaweza kuichora.

Sasa shika kiti. Narudi nyumbani. Mvua zikikatika tu, nakuja, nafungua karakana yangu mwenyewe, na ndani, juu ya jiriwa langu la kubania vyuma, nitatundika bunduki ya Baba, ile aliyokukabidhi wewe uitunze mpaka nirudi. Watu wataona wenyewe kwamba huyu fundi hakuokota ufundi jalalani.

Tatizo ni ofisi ya leseni. Wanataka mwaka ilipotengenezwa, na Baba hakuacha karatasi. Aliacha maneno: "Wewe na bunduki hii mmezaliwa mwaka mmoja." Ofisi haipokei maneno ya marehemu. Kwa hiyo nipimie. Loki iko wapi, mbele ya triga au nyuma yake? Mtutu una urefu gani, una alama ngapi za nyota zilizogongwa karibu na mwili? Niandikie kama unavyoiona, mimi nitamaliza kazi nikiwa nimekaa hapa hapa.

Nakuja.

Shemeji yako,
Bingwa


22 Februari

Shemeji Bingwa,

Barua yako tumeipokea, tumecheka, dada yako ameisoma mara moja akanirudishia. Sisi wazima. Cherehani inanisumbua kidogo upande wa pedeli, lakini nguo za shule zinakuja kwa wingi na sina pa kulalamikia.

Habari ya kurudi kwako imetufurahisha. Ila usijiharakishe. Mvua za mwaka huu zinasemekana zitakuwa ndefu, na vyumba vya kupanga vya karakana vimekuwa adimu.

Kuhusu bunduki ya marehemu mzee, ipo. Naipaka mafuta kila mwezi kama kawaida yangu na kuizungushia flana ya pamba ile nzito, isiyotoa manyoya. Nimeipima kwa futi yangu ya nguo. Mtutu una urefu wa mguu wa suruali ya mtu mrefu, toka pajani mpaka kwenye pindo. Rangi yake ni nyeusi ya kung'aa kama satini. Loki ni kitufe cha duara, kiko nyuma ya triga, unakisukuma kwa pembeni kama kifungo kinachopita kwenye tundu lake. Nyota sikuziona, labda macho yangu. Mbao ni safi kabisa, haina hata mkwaruzo.

Natumaini hayo yatatosha kwa ofisi.

Shemeji yako,
Sindano


14 Machi

Shemeji Sindano,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Bunduki ina mguu wa suruali. Nimewasomea wenzangu na sasa kila mtutu unaoingia hapa dukani unaulizwa kiuno chake ni inchi ngapi.

Lakini kuna jambo linanichanganya, na kwa kuwa mimi ndiye Bingwa, likinichanganya mimi lazima liwe jambo kweli. Kitufe nyuma ya triga? Kiwanda kile kilihamishia loki nyuma wakati mimi tayari naanza shule, nakimbizwa kwa fimbo. Kabla ya hapo loki ilikuwa kiulimi kidogo cha chuma ndani ya duara la triga, mbele, unakisukuma kwa kidole. Cha Baba kilikuwa hivyo. Nakikumbuka kwa sababu kilinibana kidole nikalia, na Baba akaniambia bunduki imenisalimia. Imezeeka ikaota kitufe? Mimi nilizeeka nikaota kitambi tu.

Nimejijibu mwenyewe. Labda kuna fundi alibadilisha sehemu ile ya chini, Baba akasahau kuniarifu. Mafundi wa vichochoroni hubadilisha chochote, ukimwachia punda anakurudishia pikipiki. Na mbao kuwa safi, labda umeipiga msasa kwa upendo. Ungeniuliza kwanza, lakini basi.

Sasa nifanyie moja la mwisho. Fungua kofia iliyo mbele, chini ya mtutu, kwa mkono tu, usitumie koleo. Vuta ule mti wa mbele, wa kushikia. Utaona springi kubwa, na juu yake pete. Pete zile ndizo breki, ndizo zinazozuia mtutu usirudi kwa kishindo ukapasua mbao. Niambie zipo za namna gani na zimepangwaje. Sikuambii Baba alizipangaje. Nataka uniambie wewe, halafu nitajua mikono ya mwisho kuigusa ni ya nani.

Nisamehe kwa usumbufu. Ningemwomba mtu mwingine, lakini nani mwingine ninamwamini? Dada yangu siku hizi haniandikii hata mstari. Mwulize nimemkosea nini, kama si uzuri wangu.

Nakuja.

Bingwa


2 Aprili

Shemeji Bingwa,

Nimefanya kama ulivyoniagiza. Pete zipo mbili, zinang'aa, za chuma, mpya kabisa, zimekaa vizuri juu ya springi. Hakuna kasoro.

Nimefikiri sana. Kwa nini ujisumbue na leseni kabla hujafika? Ofisi yenyewe inakarabatiwa. Na pengine bunduki haina haja ya kutundikwa, watoto wa siku hizi ni watundu. Unaweza kuweka picha ya mzee, nami nitakutengenezea pazia.

Dada yako hajambo. Anasema hujamkosea kitu.

Sindano


19 Aprili

Shemeji,

Leo sina utani.

Wiki iliyopita mteja mmoja alileta bunduki tumtajie umri. Anahamia mbali, anataka cheti chenye mwaka na sahihi ya fundi ndipo aruhusiwe kusafiri nayo, maana ni za zamani tu zinazoruhusiwa. Bosi akaniwekea mezani akasema, Bingwa, hii ni ya kwenu, ina nundu.

Nikaanza kazi kama ninavyoanza siku zote. Loki ni kiulimi, mbele, ndani ya duara la triga. Nikasema hii ni ya zamani. Namba ya mwili ni moja, namba ya mtutu ni nyingine, maana yake mtutu si wa asili, uliletwa baadaye. Nikasema mtutu wa kwanza labda uliingia tope ukapasuka, maana huwa hivyo. Nikacheka peke yangu, kwa sababu hata Baba aliwahi kuanguka mtoni akafyatua mtutu ukiwa na tope, na wewe ulikuwepo, Sindano, wewe ndiye uliyekwenda kumwokotea kofia.

Nikaigeuza kitako. Kwenye ukingo wa chini kuna vishimo vinne vya meno madogo. Mama alikuwa akiwaonyesha wageni. Ni meno yangu ya kwanza. Yaliota nikiwa nimeshikilia kitako hicho kama muhogo.

Hata hapo nilijidanganya. Nikasema watoto ni wengi duniani na wote huuma. Nikafungua kofia kwa mkono, nikavuta mti wa mbele. Juu ya springi hapakuwa na pete mbili za chuma mpya. Palikuwa na moja ya kiwanda na nyingine ya shaba, nene, iliyochongwa kwa tupa kutoka kwenye bushi ya pampu ya maji. Upande mmoja tupa iliteleza ikaacha kovu. Baba alipoichonga alisema kovu hilo ni sahihi yake, kwa kuwa hakujua kuandika nyingine.

Niliomba ruhusa nikaenda kukaa chooni. Wenzangu walidhani tumbo.

Sasa niambie, Shemeji. Unaipaka nini mafuta kila mwezi? Hiyo flana nzito isiyotoa manyoya imezungushiwa nini? Ulipima suruali ya nani? Tumekula sahani moja, nikakupa dada yangu bila kukutoza hata kejeli, Baba akakukabidhi kitu kimoja tu. Kimoja. Mwizi wa mbali angenivunjia mlango, ningempigia kelele. Wewe ulikuwa na ufunguo.

Cheti bado sijasaini. Kinanisubiri mezani, na mteja ana haraka.

Usiniandikie kuhusu mvua.

Bingwa


3 Mei

Kaka,

Nimeichukua kalamu mimi kwa sababu mume wangu hajui kusema uongo, na umeona mwenyewe alivyoshindwa. Hiyo bunduki aliyokuelezea ni ya mlinzi wa ghala lililo karibu na cherehani yake. Alimshonea suruali ya bure ili amruhusu aiguse, na mlinzi alikataa kabisa ifunguliwe. Zile pete mbili mpya alizitoa kichwani. Usimtukane. Hajaiuza yeye.

Niliiuza mimi. Mwaka uleule tuliomzika Baba alipita mnunuzi wa vitu vya kale mwenye kibali, akauliza kama kuna bunduki ya zamani, nikaingia ndani nikaitoa. Sikuwa na njaa, Kaka, wala paa halikuwa linavuja. Nisingependa unionee huruma kwa sababu isiyokuwepo.

Wewe uliondoka ukiwa kijana. Nani alikuwa anafukuza nguruwe shambani? Mimi. Baba mikono ilipoanza kumtetemeka, nani alikuwa anafungua kofia, anafuta springi, anarudisha pete? Ukitumia risasi nzito, pete ya chuma inakaa juu ya springi, ya shaba inaifuata. Nyepesi, ya chuma inashuka chini ya springi, inapumzika. Wewe ulifunzwa hivyo dukani na kupewa jina la Bingwa. Mimi nilifunzwa jikoni kwetu, na sikupewa jina.

Alipougua akawa hatoki tena kitandani, nilimwosha, nilimlisha. Kila jioni aliuliza kama barua yako imekuja. Ikija alicheka mpaka anakohoa. Kila barua ilimalizika "Nakuja." Alikuwa ananiambia nifagie chumba chako. Nilikifagia, Kaka. Halafu siku moja akamwita mume wangu, si mimi, akamwambia bunduki ni yako, aitunze mpaka urudi. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la uji pale pale. Alinipita kwa macho kama mlango uliofunguliwa.

Kwenye maziko ulituma barua ya kurasa sita. Ilisomwa mbele ya watu, watu wakacheka msibani, wakakusifu. Nilitoka nje.

Na jambo jingine. Hayo maneno kwamba wewe na bunduki mmezaliwa mwaka mmoja, mimi pia Baba aliniambia hivyo hivyo. Nilipokuwa mdogo, nikiwa nimeipakata, aliniambia, "Huyu ni pacha wako." Nimeishi nikiamini ni yangu. Sikujua kwamba na wewe uliambiwa hivyo, mpaka niliposoma barua yako ya Februari.

Uliuliza umenikosea nini. Wewe uliandika "Nakuja," sisi tukaandika "Ipo." Angalia tarehe uone nani alianza.

Mdogo wako


3 Mei

Shemeji,

Barua ya dada yako nimeipeleka posta bila kuisoma. Hii naiandikia kwenye kaunta ya posta, kalamu imefungwa kwa kamba.

Nilitaka urudi. Nilifikiri ukijua haipo hutakuwa na cha kukurudisha. Kila mwaka niliposema ipo, niliona kama nakushonea kiraka, na kiraka kikishikana hakuna anayetazama chini yake. Ulipokaribia kuja kweli nikaogopa, nikaanza kukutajia mvua. Nimekuwa fundi mbaya.

Sindano


27 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma kila siku kwa wiki mbili, mpaka dukani wakataka kuniitia daktari.

Nina hasira nawe, na nina hasira na huyo fundi viraka wako zaidi. Wewe uliuza kitu. Yeye aliniuzia maneno mwaka baada ya mwaka, nami nikayavaa nikatembea nayo barabarani nikijiona nimependeza. Wenzangu nimewaambia bunduki ya Baba imepotea. Hawakucheka. Ningependa wangecheka, ningejua la kufanya.

Lakini kazi ni kazi, na bunduki ilikuwa mezani. Nilikaa nayo kwa lenzi. Mtutu haukunisaidia, kwa kuwa si wake. Kwenye mwili, chini ya mti wa mbele, kuna herufi ndogo ambazo wakaguzi wa kiwanda hugonga, kila mwaka na herufi zake. Zilikuwa zimezibwa na mafuta makavu. Nikayakwangua kwa kijiti cha kibiriti, nikazisoma, nikazisoma tena kwenye kitabu chetu, kisha nikamwita bosi asome yeye.

Si ya mwaka wangu. Wala si ya mwaka wako. Ilipotengenezwa, Baba mwenyewe alikuwa bado mvulana. Aliinunua kuukuu kwa mtu, na alipopata mtoto wa kwanza akasema imezaliwa jana, alipopata wa pili akaizalisha tena. Kwa hiyo katika nyumba yetu hata bunduki ilikuwa na umri wa uongo. Nilitaka kumkasirikia. Nikajikuta nasema, mzee, kumbe huu mdomo niliupata kwako.

Mteja angefurahi ningeandika mwaka wa nyuma zaidi, na ningeweza pia kuandika wa mbele, cheti kikataliwe, bunduki isiondoke. Usidhani sikulifikiria. Nililala nalo. Lakini mimi kwenye mwaka wa bunduki sijawahi kudanganya mtu, na kwetu lazima kuwe na mahali pamoja pasipo na uongo, hata kama ni kwenye chuma. Niliandika mwaka wake wa kweli, nikasaini. Imeondoka Ijumaa. Sikumwambia mteja ni ya nani. Nilimfungia vizuri tu, na nilipofika kwenye yale meno nilipapitisha kitambaa mara mbili.

Ila mteja alitaka kila kitu kiwe cha kiwandani. Ile pete ya shaba haikumpendeza, aliiita takataka. Nikamtafutia ya kiwanda, nikamwomba takataka yake, akanipa.

Imo ndani ya bahasha hii, nimeizungushia kitambaa. Sikutumii kwa sababu nimekusamehe. Hapo bado sijafika, na sijui ni mbali kiasi gani. Nakutumia kwa sababu ni yako. Mimi nilimwona akiichonga. Wewe ndiye uliyejua pa kuiweka. Ukipitisha kidole utalikuta lile kovu la tupa, limekuwa laini sasa, na si mimi niliyelilainisha.

Nilipofika hapa mkono uliandika lile neno ninalomalizia kila barua. Nimelikata kwa wino mara tatu. Ukiinua karatasi kwenye mwanga utaliona, usiliamini.

Mwambie Sindano akiniandikia kwamba pete ipo, awe ameishika mkononi. Nami nikiandika tena kwamba nakuja, niwe nimeshakaa ndani ya basi.

Kaka yako